Sikio la Kulia la Bujiku

Bujiku Mayala wa Nkoma, mkulima wa pamba aliyetimiza miaka sitini na mmoja, aliishi zaidi ya nusu karne akiwa na masikio yasiyolingana. Ndewe ya sikio la kushoto ilikuwa pana kiasi cha kupitisha kidole. Ndewe ya kulia ilikuwa tundu jembamba, ambalo njiti ya kiberiti ilipenya kwa shida. Sababu yake ilikuwa nyepesi. Mama yake alikuwa Mtaturu wa nyika za Meatu, na mjomba wake ndiye aliyemtoga masikio yote mawili alipokuwa na miaka tisa. Mjomba alianza kulipanua la kushoto. Kabla ya kuligeukia la kulia akahama na ng'ombe wake kufuata malisho, asionekane tena.

Kwenye mizani ya pamba watu walimwita Nusu.

"Nusu amefika," mmoja alisema kila msimu. "Mpimieni nusu gunia."

"Nusu hii inasikia umbea wenu wote," Bujiku alijibu. "Ingekuwa nzima mngehama kijiji."

Angezeeka hivyo kwa amani, kama mama yake asingefariki na kuacha majasi mawili. Yalikuwa visahani vya mpingo vyenye ukingo wa shaba kwa mbele, vya kuvaliwa ndani ya ndewe, na bibi yule aliyapata kwa baba yake siku alipoolewa Usukumani. Aliyakabidhi kwa binti yake mkubwa, Nyanjige, aliyemuuguza nyumbani kwake Mwamanyili. Wosia ulikuwa wa maneno machache: yavaliwe na mtoto wake mmoja, yote mawili kwa pamoja, wala yasitenganishwe.

Baada ya arobaini Nyanjige alimketisha mdogo wake.

"Mimi sikutogwa," alisema. "Masista wa bweni hawakuruhusu. Uliyetogwa ni wewe peke yako, tena upande. Mwaka wa kesho kutwa, ngoma ya mavuno ikichezwa Bariadi, nitakuja na majasi haya. Nikikuta sikio lako limefika, nitakuvisha mbele za watu. Nikikuta umelichana kwa pupa zako ninazozijua, nayapeleka Meatu kwa watoto wa mjomba, na sisi hatutayaona tena."

"Dada, nina miaka sitini."

"Ndiyo maana nimekupa karibu miaka miwili."

Bujiku alirudi Nkoma akiwa kama kijana aliyepewa ahadi ya posa. Jioni ile ile alimwendea binti yake, Mektilda, muuguzi wa zahanati, akamwonyesha ndewe ya kulia na kumuuliza ingefikaje upana wa majasi yale, milimita kumi na nne. Mektilda hakucheka. Alimchoma kidole na kumpima sukari kwanza, kwa kuwa kidonda cha mwenye kisukari hakina ahadi ya kupona. Alipoona damu ya baba yake haina neno, ndipo alipozungumza.

"Sikio halivutwi, baba. Linazoeshwa. Milimita moja, kisha majuma saba ya kukaa kimya. Unachoingiza kiwe chuma laini kisichoshika kutu, kimechemshwa, na mikono yako imenawa kwa sabuni. Kikigoma, usikisukume. Ukiona damu, au maumivu, au uvimbe, unarudi nyuma. Mti na mfupa havigusi sikio lako mpaka nyama ipone kabisa."

"Na majuma saba yakiisha bado halitaki?"

"Unasubiri la nane."

"La nane likiisha?"

"Baba, wewe ulisubiri mvua ya mwaka juzi mpaka Januari. Ulimsukuma nani?"

Chuma kilipatikana kwa Mayige, fundi wa kukereza vyuma mjini Bariadi, ambaye pia ndiye manju, kiongozi wa nyimbo, wa kikundi cha ngoma alichochezea Bujiku tangu ujana. Mayige alichagua kipande cha chuma cha aina itumikayo kutengenezea vyombo vya hospitali, akakiweka kwenye mashine, akavaa miwani.

"Ngosha, miaka thelathini nakereza shafti za mashine za kuchambulia pamba," alisema, akimwita kwa neno la Kisukuma la kumheshimu mwanamume. "Leo nakereza sikio."

"Kereza vizuri, shafti haina mwenyewe wa kulia ikiumia."

Kwa siku nne Mayige alitoa vizibo kumi na viwili, cha kwanza kikiwa na milimita tatu na cha mwisho kumi na nne, kila kimoja kimesuguliwa hata mtu akauona uso wake ndani, na kila kimoja kikiwa na kipete cha mpira cha kukizuia kisidondoke. Vilipangwa kwenye kitambaa kwa mfuatano wa unene. Bujiku alivitazama muda mrefu, na aliyesimama karibu naye angedhani anatazama watoto wake wamejipanga kwa picha.

Kizibo cha kwanza kiliingia Jumapili moja ya Desemba baada ya Misa. Hakikuuma, kilileta joto kidogo, kisha utulivu. Tangu siku hiyo, kalenda ya parokia iliyoning'inia sebuleni ilipata alama ya wino mwekundu kila juma la saba. Asubuhi na jioni Bujiku aliosha sikio kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Nyama ilipokwisha kutulia alilikanda kwa tone la mafuta ya nazi, taratibu, kwa vidole viwili, akisali Salamu Maria kumi ili asimalize upesi. Ibada ile ndogo ilimkalia vyema. Mwili huu ni amana ya Muumba, na mwenye kuitunza amana hata katika jambo linaloonekana dogo hajapoteza wakati wake.

Wanajumuiya wenzake wa parokia walimshtaki kwa utani kwa padre. Padre alimwita baada ya kanisa, akalitazama sikio, akauliza swali moja tu, "Linauma?" Alipojibiwa kwamba haliumi, akamwambia aende na amani, ila Jumapili ijayo aje amwonyeshe limefika wapi.

Na lilisogea. Nne, tano, sita. Kufikia kizibo cha milimita nane watu wa mizani waliacha kumcheka wakaanza kumsubiri. Kila alipofika walitaka kuona, na mzee mmoja alianza kuyahesabu majuma kama vile sikio ni lake. Katikati ya Mei ya mwaka wa pili, pamba ya kwanza ilipokuwa imefunguka shambani, Bujiku alikuwa amevaa kumi na tatu kwa juma moja. Ilibaki hatua moja, na ngoma ilikuwa Agosti. Alilala akiimba na kuamka akiimba.

Ndipo Mayige alipopiga simu.

"Ngosha, kamati imesogeza ngoma. Siyo Agosti tena. Jumapili ya mwisho ya Juni."

"Juni hii?"

"Hii. Nimekuweka mbele ya mstari, na dada yako ameshapewa habari. Kumi na nne si unacho? Kiingize tu, Ngosha. Milimita moja ni unene wa kadi ya simu."

Bujiku alikaa na habari hiyo siku nzima. Kumi na nne ya chuma hakuthubutu, kwa maana alimwogopa Mektilda. Lakini akili ya mkulima wa pamba ilimletea hila ambayo mtu wa nchi nyingine asingeifikiria. Alichuma pamba mbichi ya shambani kwake, akaisokota kwa vidole ikawa uzi mnene, akauzungusha juu ya kizibo cha milimita kumi na tatu na kukirudisha sikioni. Pamba ni laini kuliko kitu chochote, alijisemea. Imevisha watoto, imesomesha Mektilda mwenyewe. Haiwezi kulidhuru sikio la mwenye shamba.

Siku ya kwanza alifurahi, kwa kuwa sikio lilijaa. Siku ya pili lilikuwa na moto. Siku ya tatu lilikuwa jekundu kama nyanya, na pamba ilikuwa imenywa unyevu, ikavimba, nyuzi zake zikazama katika ngozi changa na kugandamana nayo. Alijaribu kuivuta, akaona damu, akaiacha. Alipanda bodaboda mpaka zahanati akiwa amejifunga kitenge kichwani kama mwenye jino bovu.

Mektilda aliloweka sikio kwa maji ya chumvi kwa muda mrefu, kisha akaanza kutoa uzi mmoja mmoja kwa koleo dogo.

"Hiyo pamba uliipulizia dawa lini mara ya mwisho?" aliuliza hatimaye.

Baba yake akaanza kukunja kitenge alichokuwa amejifunga.

"Nakuuliza kama mgonjwa, sikuulizi kama baba."

"Mwezi wa nne mwishoni."

"Dawa ya viwavi. Na vumbi. Na mikono ya shambani." Alitoa uzi mwingine. "Ulitaka laini, baba. Chuma ni kigumu, lakini hakinywi maji wala hakiachi nywele zake ndani yako."

"Limechanika?"

Hilo ndilo swali alilokuja nalo tangu Nkoma. Mektilda aliinua taa ndogo, akaichunguza ndewe kwa mbele na kwa nyuma, mara mbili.

"Limechubuka. Halijachanika. Ungelala nalo siku mbili tena, ningekujibu vingine." Akampa dawa za kumeza, akamvika kizibo cha milimita kumi na moja, na kumwambia asiguse hatua nyingine kabla ya nusu ya Julai.

Kwa hiyo Jumapili ya mwisho ya Juni ilimkuta Bujiku kwenye uwanja wa Bariadi akiwa na kumi na moja sikioni. Ngoma zilikuwa zimeshaanza kuitana, upande huu na upande ule; wachezaji walijipaka vumbi jeupe, filimbi zililia, na ardhi ilitetemeka chini ya njuga. Mwili wake wote ulitaka kuruka. Nyanjige alifika kwa basi la asubuhi akiwa amevaa vitenge vipya, akafungua kitambaa mbele ya watu, na shaba ya majasi ikawaka juani. Watu wakapiga vigelegele.

Mayige alimsogelea Bujiku sikioni, lile la kushoto.

"Paka mafuta, usukume mara moja tu. Nani atajua? Tukimaliza kucheza unatoa. Ngosha, nafasi ya mbele haitakungoja."

Bujiku aliyatazama majasi. Alijua ndewe yake ilivyokuwa na ngozi changa kama ya mtoto, na alijua pia kwamba akikiri hajafika, dada yake alikuwa na haki ya kuyafunga na kwenda nayo Meatu. Aliipitisha mikono nyuma ya mgongo wake ili isimsaliti.

"Dada," alisema kwa sauti iliyosikika na walio karibu, "sikio halijafika. Lilikuwa limefika karibu, nikaliharibu mwenyewe kwa pamba. Leo siwezi kuvaa."

Vigelegele vilikatika. Mmoja wa watu wa mizani alicheka, akanyamazishwa na mwenzake. Mayige alitikisa kichwa, akampeleka mwingine mbele ya mstari. Nyanjige alikuja, akamshika mdogo wake sikio kama anavyoshikwa mtoto mkorofi, akaondoa kizibo, akaminya nyama pole pole kati ya kidole gumba na cha shahada, akaitazama dhidi ya jua.

"Mimi nilisema nini?"

"Ulisema ukikuta nimelichana, yanaenda Meatu."

"Hili limechanika?"

"Hapana."

"Basi Meatu nifuate nini?" Alifunga majasi na kuyarudisha mkobani. "Likiwa tayari, njoo Mwamanyili. Kacheze sasa, unanizibia njia."

Bujiku alinawa mikono, akakirudisha kizibo, akacheza mstari wa nyuma kabisa, kati ya vijana, kwa nguvu ambazo vijana hao walizizungumzia wiki nzima.

Mwezi Julai, milimita kumi na mbili iliingia bila ubishi. Mwezi Septemba, ile ya kumi na tatu. Mwishoni mwa Oktoba, milimita kumi na nne ilipita kama maji, naye bado alitakiwa kukaa majuma saba mengine, ili mpingo ukute nyama iliyopona. Aliyakaa. Siku chache kabla ya Noeli, miche ya pamba ikiwa imeshatoa majani manne, alipanda basi la alfajiri kwenda Lamadi, na kutoka hapo hadi Mwamanyili, akiulizwa na kila abiria kwa nini anatabasamu peke yake.

Nyanjige alinawa mikono mara mbili. Alipaka mafuta tone moja, akaweka jasi la kulia mlangoni mwa ndewe, wala hakulisukuma; lilijiteremsha lenyewe likakaa.

"Linauma?"

"Haliumi."

"Usinidanganye."

"Lingeuma ningekwambia, kama nilivyokwambia Juni."

Akamvika la kushoto, akarudi hatua tatu kumtazama, kisha akajishika kiuno. Bujiku hakuweza kungoja aseme. Alitoka uani akaanza kucheza peke yake, bila njuga, bila filimbi, shaba ya majasi ikiwaka juani upande huu na upande ule kwa zamu. Nyanjige alipindua ndoo ya plastiki, akaketi, akaanza kuipiga kwa viganja. Jirani mmoja alitokeza kichwa juu ya ua wa minyaa, akauliza kuna sherehe gani asubuhi yote hii.

"Pita ndani ucheze," Nyanjige alimjibu bila kuacha kupiga. "Maswali utauliza ukichoka."