Kibanda cha Matofali ya Kuchoma

Siku yangu ya kwanza kazini, Handeni, nilipewa futi kamba ya kupimia, buti zilizonizidi namba mbili na safari ya Kang'ata kwenda kusimika bikoni, yaani vile viguzo vya zege vinavyoonyesha kona za kiwanja. Afisa Ardhi aliyenipokea alikuwa mtu wa maneno machache. Jioni alipitia daftari langu, akakuta nimeandika "shamba" mahali palipokuwa na kaburi.

"Kaburi uliliona?"

"Niliambiwa ni shamba, mzee."

"Andika ulichokiona. Ulichoambiwa kaa nacho mwenyewe."

Nililishika neno lake miaka mingi, na nililijivunia kupita kiasi. Nilipohamishiwa Korogwe nilikuwa najiona mpimaji asiyekosea.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa eneo la soko la zamani, katikati ya mji. Lilitakiwa livunjwe na kujengwa upya kwa mpango wa matumizi mchanganyiko: fremu za maduka chini, ofisi katikati, nyumba za kuishi juu. Nyie vijana mnauchora kwenye kompyuta, lakini mpango wa namna hiyo huanza na daftari la utambuzi, ambamo kila kilichopo huandikwa. Letu lilikuwa na safu mbili. Mwenye jengo alihifadhiwa fremu katika mradi mpya. Mwenye kibanda alipisha tu.

Mkuu wa Mipango Miji alitaka orodha kabla ya saa saba mchana. "Uliza, wakijibu andika, songa mbele," aliniambia. "Tusilale hapa."

Mama Zaina, mjane kutoka Mashewa, alikuwa na mgahawa wa matofali ya kuchoma, msingi wa mawe, sakafu ya saruji. Chai yake nilikuwa nimeinywa miaka tisa. Nilimkuta akipepeta mchele.

"Mama Zaina, hapa pako tuandike nini?"

"Aah, si kibanda changu hiki tu, afisa. Karibu, kaa."

Kwetu kila mtu husema hivyo. Hata mwenye ghorofa atakukaribisha kibandani kwake. Ni adabu, asionekane anajikweza. Nalijua hilo tangu utotoni. Nikaandika kibanda, akatia dole gumba, nikaenda kwa jirani.

Orodha ilipobandikwa Mama Zaina alikuja ofisini, amejitanda khanga mpya. Muda wa kusahihisha ulikuwepo bado. Ilihitajika barua moja tu, yenye jina langu, ikieleza kosa langu. Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu nistaafu. Nikamwambia, "Mama, ulitamka mwenyewe." Aliniangalia, akasema "Haya," akaondoka. Aibu ya siku ile sijapata pa kuitua.

Niliagwa kwa hotuba na saa ya ukutani. Mradi umekamilika na unapendeza, sikatai, ila mimi huupita kwa upande wa pili wa barabara. Wanaotaka ushauri wa mstaafu, sina mwingine zaidi ya ule wa Handeni, nami si mtu wa kuutoa.

Mwezi uliopita nilikwenda msibani Ngombezi. Kando ya njia ya kiwanda cha mkonge mtu alikuwa akikaanga maandazi. Nilipomtambua niliinamisha kichwa nipite, lakini alishaniona.

"Afisa," aliniita, bila kinyongo sautini, "karibu kibandani."

Nilitazama miti minne, turubai na benchi moja. Safari hii kilikuwa kibanda kweli.