Uzi: Chuo chetu Dubai kilivyofunga programu ya wanafunzi wa Pasifiki, na Waswahili tukalia kuliko wenyewe

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo. Hii sijasimuliwa, nilikuwepo. Atakayeona natia chumvi aje Al Barsha nimwoneshe waliobaki, wapo hai na midomo wanayo.

Mimi ni binti wa Ukerewe. Dubai nauza manukato kwenye mall, zamu ya asubuhi. Mchana nasoma biashara kwenye chuo kimoja ambacho makao yake makuu yako mbali huko kusini mwa dunia, hapa kina tawi tu. Jina siweki, bado nataka cheti changu.

Sasa kule makao makuu kuna wanafunzi wengi wa visiwa vya Pasifiki, Fiji, Tonga, Samoa na jirani zao. Wana programu yao ya kuwasaidia masomo. Mkubwa mmoja akaamua kila tawi liwe nayo. Hata Dubai. Jangwani.

Wakamleta mama mmoja wa Kitonga, Mama Sela, wakampa chumba, makochi mawili na birika la umeme. Wanafunzi wa Pasifiki wenyewe walikuwa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vinabaki.

Mimi niliingia kwa pua. Nilikuwa natafuta choo, nikasikia harufu ya magimbi ya nazi. Wakuu, ukiwa ugenini, harufu ya magimbi inakukamata kama polisi. Nikachungulia.

"Wewe ni wa Pasifiki?" Mama Sela akauliza.

"Hapana, mama."

"Una njaa?"

"Ndiyo."

"Sasa umesimama mlangoni unangoja nini?"

Ndo nikawa mwanachama. Nikamleta Otieno, Mkenya wa Rusinga, na yeye anasoma huku anafanya kazi hotelini. Otieno akamleta Nasra, mtoto wa Kipemba aliyezaliwa hapahapa Dubai, kwao Mirdif. Chumba kikajaa. Mgeni angeingia angedhani ni ubalozi wa Afrika Mashariki.

Msidhani ilikuwa kula tu (ingawa tulikula, tusidanganyane). Yule mama alikuwa anasoma assignment yako mstari kwa mstari. Ukikosa kipindi anakupigia simu kazini, hajali supervisor amesimama wapi. Mimi nilipofeli uhasibu mara ya pili nilishaandika email ya kuacha chuo. Akanishika mkono mpaka ofisini kwa mwalimu, akakaa kwenye kiti, akasema haondoki mpaka nipewe nafasi nyingine. Mwalimu alijaribu kumsubirisha. Wakuu, kumsubirisha Mtonga aliyekaa ni kazi bure.

Mpasifiki aliyekuwa anakuja kila siku ni mmoja, Tevita, kijana wa Fiji. Mabega kama kabati, anacheza rugby, kazi yake ni kulinda waogeleaji kwenye bwawa la hoteli. Mpole kupita kiasi. Mama yake mzazi alifariki kwao, yeye akiwa hapa, nauli ya kwenda kuzika hana. Mama Sela akatuita wote. Tulikaa na Tevita chini pale, Nasra akaleta chai ya tangawizi, Otieno kwa mara ya kwanza katika maisha yake akanyamaza.

Sasa ikaja email. Programu inafanyiwa "tathmini", mkurugenzi wa kampasi atakuja kuzungumza na walengwa.

Otieno akasema, "Msijali, nimeplan. Nyinyi fuateni tu."

Nasra akamwambia, "Mie uongo sisemi, Otieno, nakwambia mapema."

"Nani amesema uongo? Kwani Pemba si kisiwa?"

Siku ikafika. Mkurugenzi kaingia na kijana wa ofisini kwake, suti imempendeza. Akauliza, "Wanafunzi wa visiwani ni akina nani humu?"

Tevita akanyoosha mkono. Otieno naye akanyoosha.

"Wewe wa kisiwa gani?"

"Rusinga, sir."

Mkurugenzi akainamisha kichwa kwa heshima. "Nasikia ni pazuri sana."

Nikasema Ukerewe. Akasema hajawahi kufika ila angependa. Nasra akaumauma midomo, mwisho akasema, "Pemba," tena kwa sauti ya mtu anayetubu. Mzee kafurahi, anasema hakujua tawi letu lina utajiri huu.

Kumbe yule kijana wake yuko kwenye simu, anatazama ramani. Akainama, akamnong'oneza. Niliona uso wa mkurugenzi ukibadilika kidogokidogo. Ziwa Victoria lilikuwa limeshafika sikioni.

Tevita akasimama. Hatukupanga hilo.

"Sir, mimi ndiye wa Pasifiki. Nilipofiwa, hawa ndio walionikalia matanga. Ukiwaondoa hawa, hiyo programu yangu itakuwa ni mimi na kochi."

Mkurugenzi akashusha pumzi. Nitamtendea haki, hakuwa mtu mbaya. Akasema, "Kijana, hata mngejaa mpaka ngazini, uamuzi ulishafanyika makao makuu. Mimi nimekuja kuwajulisha."

Yaani khalas. Tulipanga mkakati wa kushinda kesi iliyokwisha hukumiwa.

Walipotoka, Mama Sela akamwangalia Otieno. "Rusinga!" Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaanza kuosha vikombe, ametupa mgongo, na hakuna aliyethubutu kusogea.

Visa yake ilikuwa ya chuo, kwa hiyo kazi ikiisha na yeye anaondoka. Kwa kina Nasra wakamfanyia chakula cha kumuaga. Mama yake Nasra Kiingereza chake ni cha dukani, na Mama Sela Kiswahili hajui. Wakabishana jikoni kuhusu tui kwa mikono, kila mmoja akimkamulia mwenzie amwoneshe. Mama Nasra akatoka anatuambia, "Huyu bibi mwenzetu kabisa. Nani kamfukuza?"

Tukamsindikiza airport, siyo mbali na pale.

Tevita alimaliza muhula ule, akarudi kwao. Hakuhitimu. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo. Otieno anaendelea. Mimi uhasibu nilipita kwa kukwaruza.

Juzi sasa, ofisi ya matangazo ya chuo ikanitafuta. Wanatengeneza ukurasa wa "familia yetu ya Pasifiki", wanaomba picha ya Tevita akiwa anatabasamu. Nikamwonesha Nasra. Akaninyang'anya simu, akawajibu kwa Kiswahili: "Hamna haya." Wakajibu asante sana, wanaisubiri.

Nilichojifunza: ukifika chuo cha ugenini, kabla hujajua maktaba iko wapi, tafuta mtu mmoja atakayegundua kwamba leo hujaja. Wanaofunga vyumba kama kile hawajawahi kukaa humo hata wakanywa chai. Na la pili, Mkenya akikwambia ameplan, omba kuona ramani kwanza.

Haya wakuu, uwanja wenu. Waliosoma nje, nani alikuwa anakupigia simu usipoonekana, na leo yuko wapi? Wa Rusinga mkija kutukana, njooni taratibu, Otieno anasoma humu.