Metro Hnatiuk na Fulana ya Kipa

Ligi ya Vijana ya Mito Miwili ilianzia jikoni. Watu husema ilianzia barafuni, lakini barafu ilikuwapo siku zote. Miji minne midogo ya jimbo la Saskatchewan ilikuwa na viwanja, fimbo, na makocha wenye sauti za kuamsha ng'ombe. Kilichokosekana ni vitanda. Vijana wa kucheza hoki ya barafuni walitoka mashamba ya mbali, na theluji ikishafunga njia, hakuna arudiye kwao baada ya mechi. Basi kila mji ukaambiwa: mkitaka timu, walazeni wachezaji majumbani mwenu. Walisheni, waamsheni waende shule, na msimu ukiisha warudisheni kwa mama zao wakiwa wazima.

Kwenye mkutano wa mji wa Halwood, mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Stefka Hnatiuk. Mumewe Metro, fundi wa matrekta, alikuwa amekaa ubavuni pake. Hakuulizwa. Njiani kurudi akasema, "Mwanamke wewe, hoki yenyewe huijui."

"Njaa naijua," akajibu Stefka.

Hawakujaliwa mtoto. Tangu msimu ule nyumba yao haikukosa kijana. Walikuja warefu waliogonga vichwa kwenye boriti ya ngazi, wakaja na wafupi waliokula kuwashinda warefu. Mmoja alikuwa akicheza hata usingizini, akautoboa ukuta kwa teke. Stefka alikanda unga, akajaza viazi kwenye pierogi, vifuko vya unga vya kuchemsha, akamwaga sufuria nzima mezani, na zikaisha kabla Metro hajavuta kiti.

Ligi nayo ikakua. Miji ikawa sita. Mmoja ukajitoa baada ya paa la uwanja wake kulemewa na theluji, mwingine ukaingia. Malori yakaacha kubeba timu, yakaja mabasi. Kombe likazunguka kila mji, isipokuwa Halwood. Mwaka huu lawama kwa refa, mwaka ule kwa nguzo ya goli.

Kisha Stefka akafa. Ilikuwa kiangazi, mchana, akipalilia vitunguu. Metro ndiye aliyemkuta.

Majani yalipoanza kudondoka, Bi Olive Kranz alipiga hodi. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kamati ya nyumba, anayeamua nani apewe mchezaji na nani asipewe.

"Pole tena, Metro. Nimekuja kuchukua yale mablanketi ya kamati. Kuna nyumba inayahitaji."

"Na kijana wangu atajifunika nini?"

"Kijana gani? Nyumba isiyo na mama hatuiwekei mchezaji. Unajua."

"Sijui. Nani alisema?"

Bi Olive akamtafuta aliyesema. Hakumpata. "Ndivyo tulivyofanya siku zote."

"Siku zote Stefka alikuwepo."

Bi Olive akashusha pumzi. "Unajua kupika?"

"Mayai."

"Kufua?"

"Nitajifunza."

Metro alikuwa amesimama katikati ya mlango wa chumba chenye mablanketi, na Metro ni mtu mpana. Hakusema kwamba nyumba ilikuwa kimya hata mngurumo wa friji ulimshtua. Hakusema kwamba alikuwa akila amesimama. Hakuondoka mlangoni, basi.

"Mmoja," akasema Bi Olive. "Kwa msimu huu. Nikisikia malalamiko namhamisha, na hutapewa mwingine tena."

Akaletewa Lucien Gaudry, kipa, kijana wa kijiji cha Wafaransa huko kaskazini, mdomo hauna breki. Siku ya kwanza alikoroga bakuli lake mara mbili, akainua macho.

"Babu, hii ni supu au maji ya kuoshea vyombo?"

"Kula. Aliyekufa kwa supu yangu hajaonekana."

"Labda wote wamezikwa."

Metro akacheka. Alikuwa amesahau kifua kinavyofanya mtu akicheka.

Katikati ya baridi Halwood ikaanza kushinda. Ikawafunga waliokuwa wakiifunga. Ikavuka mtoano wa kwanza, ikavuka wa pili, ikafika fainali na mji wa Brannock: mechi saba, wa kwanza kushinda nne achukue kombe. Mbili za mwanzo Halwood ikashinda, na Lucien akadaka hata visahani, hivyo vinavyopigwa badala ya mpira, vilivyoonekana vimeshapita.

Sasa, wacheza hoki wana miiko yao, na makipa wamewazidi wote. Kipa anayeshinda hafui fulana yake ya ndani. Anaitundika msumarini ilivyo, mpaka msimu ufe. Kila mama wa nyumba katika ligi nzima analijua hilo. Stefka alikuwa akizibeba fulana za makipa kwa ncha ya fimbo na kuzitundika nje kwenye baridi, wala hazigusi maji. Lakini Metro, miaka yote ile, hakuwahi kuangalia upande wa nguo. Alikuta kabati limejaa nguo safi, akavaa.

Asubuhi moja Bi Olive akapiga simu: mchana angepita kuona kijana anaishije. Metro akaweka mkono wa simu, akavuta pumzi, na pumzi hiyo ikamtisha. Nyumba ilinuka. Akafuata harufu hadi kwenye msumari nyuma ya jiko. Akaichukua ile fulana, akaitia kwenye mashine pamoja na mashuka, akamimina sabuni ya maua aliyoiacha Stefka. Akaianika karibu na jiko. Akaipiga pasi. Bi Olive alipokuja alisema nyumba inapendeza.

Jioni Lucien akarudi kutoka shule.

"Babu. Fulana yangu iko wapi?"

"Kabatini. Nimeikunja."

Lucien akafungua kabati, akaileta puani. Akakaa sakafuni palepale.

"Inanukia maua."

"Ni sabuni nzuri ile."

"Babu, humo mlikuwa na ushindi wa tangu mwezi wa pili."

"Mlikuwa na harufu ya mbwa aliyekufa."

"Ndiyo hiyo niliyokuwa naisema."

Usiku ule Brannock wakaingiza saba. Mechi iliyofuata wakaingiza tano. Ikawa mbili kwa mbili.

Mji mdogo hauhitaji gazeti. Metro alipoingia mgahawani kunywa kahawa, Wasyl Kuzyk, mfuga nguruwe aliyekuwa mtani wake tangu utotoni, alikuwa amemsubiri.

"Metro, nina bahati mbaya imenishika tangu nioe. Nikuletee uifue?"

"Mlete mkeo, nimwambie ulivyosema."

Watu wakaangua kicheko, lakini si wote. Alipotoka alikuta kipande cha sabuni kimefungwa kwa uzi kwenye kitasa cha gari lake.

Bi Olive hakukawia. Hakuvua hata koti.

"Nilikwambia nikisikia malalamiko. Simu yangu haijanyamaza tangu juzi."

"Kijana amelalamika?"

"Mji umelalamika."

"Mji haulali kwangu, Olive."

"Kesho asubuhi nakuja kumchukua. Atalala kwangu mpaka fainali iishe. Samahani, Metro."

Alipoondoka, Metro alikaa akiitazama ile fulana, nyeupe, imekunjwa pembe kwa pembe. Akaona kwamba kilichofuliwa hakifuliki kurudi nyuma. Lakini kinaweza kuchafuliwa. Hilo hata yeye alikuwa na ujuzi nalo.

Alfajiri akamgonga Lucien begani. "Vaa fulana yako. Tunakwenda kazini."

Banda la nguruwe la Wasyl lilikuwa halijazolewa tangu theluji ya kwanza. Wasyl akasikiliza maelezo bila kupepesa, akaingia ndani, akatoka na koleo mbili na soseji ndefu.

"Mlishe hii kwanza. Ina vitunguu saumu. Hutoka na jasho."

"Unatusaidia au unatucheka?" akauliza Metro.

"Vyote. Mkimaliza hili, kuna banda la pili linaumwa ugonjwa huohuo."

Wakazoa. Lucien kwa nguvu, Metro kwa kusimama kila mara akishika kiuno. Jua lilipopanda fulana ilikuwa imeshikana na mgongo wa kijana kama ngozi, na rangi yake haikuwa na jina. Bi Olive, aliyekuwa amekuta nyumba tupu na kuuliza mgahawani, akawafikia hapo na viatu vyake vya kanisani.

"Toba," akasema, akafunika pua. "Lucien, chukua vitu vyako."

"Bi Olive, kwako kuna nguruwe?"

"Kuna zulia jeupe."

"Basi haitawezekana. Fulana bado haijaiva."

Wasyl akageukia ukutani, mabega yakitikisika. Bi Olive hakucheka. Akamsogelea kijana kadiri pua ilivyomruhusu.

"Niambie kweli. Kwa mzee huyu unakula?"

"Nakula. Vibaya, lakini nakula. Juzi aliunguza kabichi mpaka sufuria ikatupwa, tukala mkate."

"Na mambo mengine?"

Lucien akafuta uso kwa kiganja, akaongeza uchafu. "Nikifungwa, kila mtu ananiuliza imekuwaje. Kocha, shule, baba kwenye simu. Nikifika kwa babu hakuna swali. Anavuta kiti tu. Kisha ananikaangia mayai."

Metro alikuwa ameinama, anakwangua sakafu iliyokwisha kuwa safi.

Bi Olive akaondoa mkono puani. Akatazama viatu vyake, vilikuwa vimekwisha kuharibika. "Mechi ni saa moja," akasema. "Ogeni, nyote wawili. Hiyo fulana isiguse maji."

Halwood ikashinda usiku ule. Mabeki wenyewe waliomba kusimama mbali na kipa wao. Mechi ya sita wakashinda Brannock. Ya saba ikaenda muda wa nyongeza, na kisahani kikagonga mguu wa beki wa Halwood mwenyewe, kikaingia taratibu, kila mtu akikiona. Kombe likaenda Brannock. Mgahawani wakalaumu mguu, wakalaumu refa, wakarudi hata kwenye nguzo za miaka ya nyuma. Sabuni hakuna aliyeitaja.

Lucien akarudi kwao barafu ilipoyeyuka. Metro akapanda vitunguu, safu fupi, mahali palepale. Kukawa kimya tena, na safari hii hakujua kama ni kimya cha kupita au cha kukaa. Siku moja Bi Olive akasimamisha gari kwenye uzio, hakuzima injini.

"Lucien ameandika anataka kurudi kwako. Na nimekuwekea wa pili, beki, anatoka mashamba ya juu. Mama yake anasema anakula kama trekta."

"Trekta nazijua."

"Ameniuliza kama nyumba hiyo ina mama."

Metro akaacha jembe. "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia alikuwepo, Mungu amrehemu, na mumewe ameshajifunza nini cha kutokufua."

Akaondoka. Metro alisimama mpaka vumbi la gari likatua. Kisha akaingia ghalani kutafuta mbao za kitanda cha pili, ndefu, maana mabeki huwa warefu.