Jogoo wa Abah Odang Apoteza Sauti

Kwenye vijiji vya miteremko ya juu ya Cianjur, kisiwani Java, Abah Odang, yaani Mzee Odang, alikuwa fundi wa kushona magodoro, lakini sifa yake ilitokana na majogoo wa pelung, wale warefu wanaoshindanishwa kwa kuwika. Jogoo wake, Guruh, aliwika kwa sauti nzito, akaivuta, kisha akaishusha taratibu kama mtu anayemaliza dua. Majirani walimletea matetea wao wapandwe, na kwa desturi ya huko jogoo mwenye jina hanyimwi jirani.

Asubuhi moja ya mvua Guruh alijaribu kuwika, ikatoka sauti ya kukwaruza. Akapiga chafya, makamasi yakamchuruzika. Odang akamfunika kwa saruni, akamficha jikoni karibu na moto, asimwambie mtu. Mashindano yalikaribia, na jogoo akishatangazwa mgonjwa, jina lake hufa hata akipona. Siku ile ile Dayat, kijana wa bondeni, alipoleta tetea, Odang aliona haya kukataa; tetea akapandwa, akarudishwa kwao.

Kesho yake akaja Icih, mjane wa jirani, kikapu mkononi.

"Abah, nimemleta bibi harusi! Na mahari sitaki kusikia."

Entin, mke wa Odang, akacheka. "Bwana harusi bado amelala, mwenzangu. Siku hizi mvivu kama mwenye nyumba."

Odang hakucheka. Icih na wajukuu wake walitegemea mayai ya tetea yule mmoja tu. Kutoka jikoni ikasikika chafya, kisha mkoromo mrefu.

"Icih, mrudishe nyumbani."

"Ala! Kuku wangu hana hadhi tena?"

"Guruh ana mafua. Anakoroma tangu jana."

"Mzee wewe, umejimaliza mwenyewe," Entin akanong'ona.

Icih akarudi nyuma, kikapu kifuani. "Na tetea wa Dayat, si alikuwa hapa jana? Ameshamchanganya na wenzake."

Odang alinawa mikono hadi viwikoni, akabadili kandambili na shati, akashika njia ya bondeni. Kwa Dayat hakuingia uani. Alisimama nje ya uzio, ambako kuku wengi walikuwa wakichakura chini ya ghala la mpunga, akabisha hodi.

Dayat akatoka mbio, uso umemchangamka.

"Abah! Karibu ndani! Umekuja kutuambia siku ya mashindano?"

Odang akavua kofia yake.

"Hapana, mwanangu. Mfungie yule tetea peke yake kwanza, kisha uje unisikilize."