Mashine Iliyouliza Nani

Shangazi yangu Siwema hasemi "mimi" mlangoni. Ukiuliza nani, atakutajia jina lake na la baba yake, hata kama amekuja kuomba chumvi tu. Majirani wanasema ana maringo. Waache waseme, hawakuwepo kwenye ghala la Kariakoo mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi.

Alikuwa karani wa shirika moja la umma lililogawa sukari kwa maduka ya ushirika. Kompyuta yenyewe ilikaa upande wa Magogoni, kwenye chumba chenye kiyoyozi ambacho hata mkurugenzi hakuwa nacho. Ghalani kulikuwa na mashine ya kuchapa tu, iliyounganishwa nayo kwa waya wa simu. Shangazi akiandika kule Kariakoo, jibu linatoka Magogoni na kujichapa mbele yake. Alikaa nayo muda mrefu, na bado mwili ulimsisimka kila ilipoanza. Simcheki. Kujibiwa na kitu kisicho na mdomo si jambo la kuzoea.

Fundi Augustino, kijana wa Kichaga aliyeisomea, ndiye aliyeifundisha Kiswahili. Ilianza kwa kuuliza: NANI? Unaandika jina, kisha neno lako la siri, nayo inasema KARIBU. Kila karani alifunguliwa ghala lake tu.

Asubuhi moja sukari ya maduka ya Ilala, iliyokuwa chini ya ghala la Kariakoo, ikaonekana kwenye hesabu za mashine imehamishiwa kwingine, na aliyeweza kuigusa ni Siwema peke yake. Wakati ule watu walichukuliwa kwa sabuni zilizokutwa uvunguni, sembuse sukari ya Ilala nzima. Meneja, Ndugu Tarsis, akaja ghalani na askari, na Augustino nyuma yao.

"Ndugu Siwema, fungua mbele yetu tuone ulichofanya."

"Sijafanya kitu, Ndugu Meneja."

"Fungua."

Akakaa. Akili ilikuwa imeshakwenda kwa wanawe, nani atawalea. Mashine ikauliza NANI? Naye akajibu kama tunavyojibu sote tukisimama mlangoni na mtu wa ndani akauliza. Akaandika MIMI.

Haikutaka neno la siri. Ilichapa KARIBU, kisha ikaendelea: Ilala, Temeke, Morogoro, Tanga, sukari ya nchi nzima, na mwisho ikamuuliza abadilishe nini. Karatasi ikamiminika hadi sakafuni. Shangazi anasema hapo aliogopa kuliko alivyowaogopa askari. Yeye, kwenye kigoda katikati ya magunia, na nchi nzima inamsubiri aseme. Akaiondoa mikono yake na kuikalia.

Meneja aliokota karatasi, akaisoma kwa muda mrefu.

"Nani kaweka mlango huu?"

"Mimi," alisema Augustino. "Nilikuwa najaribu mitambo, nikachoka kuandika neno la siri kila mara, nikaiambia MIMI ifunguliwe kote. Nikasahau kuuondoa."

"Na nani mwingine anaujua?"

Augustino aliutazama waya wa simu. Kila ghala lilikuwa na waya wake na karani wake, na hakuna karani asiyejua kujibu hodi.

Askari wakaondoka na Augustino. Siwema akaambiwa arudi nyumbani. Alitembea mpaka Ilala, akabisha hodi.

"Nani?" mama yake akauliza kutoka ndani, na sauti za watoto zikasikika.

"Mimi" ilikuwa imeshafika mdomoni, akaimeza.

"Siwema," akasema. "Siwema binti Mwinyimvua."

"Sasa si useme mimi tu," mama yake akacheka, akivuta komeo. "Nani asiyekujua?"