Figa Jekundu

Nilipofika Myamba mwezi uliopita, jiko la bibi lilikuwa limeshabomolewa. Mjomba, kitinda mimba wa bibi na babu, amejenga jipya la tofali lenye mtungi wa gesi, na mafiga matatu ya zamani ameyatupa kwenye migomba. Mawili ni meusi, ya mtoni pale chini. La tatu, ukilikwangua masizi, ni jekundu.

Hilo jekundu, rafiki yangu, lilikuwa likiamkiwa kila asubuhi.

Babu alikuwa akiingia na mzigo wa kuni, koti limelowa ukungu, anautua, anainama mbele ya moto. "Shikamoo kaka," analiambia lile figa. Bibi, akikoroga makande bila kugeuka, anaitikia kwa niaba yake: "Marahaba." Sisi wajukuu tunacheka mpaka tunapaliwa na moshi. Jirani aliyekuja kuomba kaa la moto naye anachokoza: "Mwanamume gani wewe, unamwamkia mwenzio ndani ya nyumba yako?"

"Kanitangulia," babu anajibu. "Halafu hagusi makande yangu."

Nilidhani ni mzaha tu, hadi siku moja tukichambua maharage bibi aliponisimulia. Enzi za Waingereza, mumewe wa kwanza alishuka tambarare kukata mkonge, akarudi na homa, hakuinuka tena. Mama yangu alikuwa bado anabebwa mgongoni. Matanga yalipokwisha, ukoo ukaamua shemeji amrithi mjane. Shemeji alikuwa na mke wake, na bibi alikuwa ameshabatizwa. Akakataa.

"Ukitaka kuondoka, ondoka," wakamwambia. "Mtoto anabaki. Mtoto ni wa ukoo."

Akabaki, akilima shamba la marehemu huku kila jicho likimtazama. Ndipo babu, aliyefiwa na mkewe ng'ambo ya korongo, akaja kumposa. Bibi akamjibu kwa maneno matatu: "Bila mtoto, siji."

Babu akaenda mwenyewe kwa wazee wa ukoo ule. Akaapa kwamba mtoto ataitwa kwa jina la baba yake, na mahari yake italetwa kwao. Aliyejibu ni mama mkwe wa bibi. Aliingia jikoni kwake, akatua chungu, akang'oa figa likiwa bado la moto, akalitoa nje kwa majani ya mgomba na kuliweka miguuni pa bibi.

"Mjukuu wangu asiote moto wa ugenini," alisema. "Likae hili, naye yuko kwao."

Nani angebishana na mama aliyevunja jiko lake mwenyewe? Mafiga mawili hayainjiki chungu. Siku ile kwake hakukupikwa.

Bibi akalipoza, akalitwika kichwani, mtoto mgongoni, akavuka korongo. "Shingo iliniuma wiki nzima," aliniambia, "lakini njiani nilikuwa naimba."

Sasa babu na bibi wamelala bega kwa bega nyuma ya nyumba. Hakuna jirani anayekuja kuomba kaa la moto, na makande ya kwenye gesi hayana ile harufu ya moshi iliyotufuata hadi darasani. Nilipangusa lile figa kwa jani bichi. Nikainama. "Shikamoo," nikasema, nikijionea haya.

Upepo kwenye migomba.

Kisha kutoka dirisha la jiko jipya nikasikia sauti ya mjomba, mtoto wa yule aliyekuja wa pili:

"Marahaba. Lirudishe ndani, kabla mvua haijanyesha."