Midomo Iliyotobolewa

Majirani walimwita Daktari wa Samaki, wakimtania eti huwa anawapiga sindano. Naye, dada wa watu, alicheka nao. Tangu chuoni kazi yake ilikuwa kupasua matumbo ya samaki aone wamekula nini, wanazaliana wapi, wanakua kwa kasi gani. Matumbo hayo ndiyo yaliyomfanya aishauri serikali ifunge ghuba, samaki wapate pa kuzalia. Ghuba ikafungwa. Weee! Utani ukaisha siku hiyohiyo. Hata kaka yake, mvuvi wa ghuba hiyo, akawa anapita mlangoni kwake kama hamjui.

Sasa kikao cha kuamua hatima ya ghuba kilikuwa kesho. Samaki wakionekana wamerudi, ghuba ingefunguliwa. La sivyo, ingefungwa tena, na wavuvi shauri yao. Daktari hakuweza kumeza hata chai. Juzi yake jioni idara ya uvuvi ilitafuta mvuvi wa kutega nyavu za utafiti ghubani, na aliyejitokeza, ajabu, ni kaka mwenyewe.

Asubuhi hiyo kaka aliingia maabara na beseni limejaa pomoni.

"Haya, mdogo wangu! Wamerudi hao. Leo utalala."

Machozi ya furaha yalimlenga Daktari. Akavaa glavu, akamlaza samaki wa kwanza kwenye ubao wa kupimia. Mdomo wake ulikuwa na tundu. Labda alishawahi kuponyoka ndoano, akajiambia. Wa pili, tundu. Wa tatu, tundu, na tumboni kipande cha chambo hata hakijameng'enywa. Nyavu zake hazina chambo, na wavu hautoboi mdomo.

"Kaka, hawa umewavua kwa ndoano."

"Ndoano ya wapi tena?"

"Kaka!"

Kaka akainamisha kichwa. "Tumewavua nje ya ghuba. Nyavu zako zimetoka tupu, ningefanyaje? Umekonda, watu wanakutukana sokoni, mama kutwa analia tusemezane. Andika tu. Nani atajua?"

"Nitajua mimi! Wakifungua, mtavua nini, matope?"

Hasira zilimpanda, akakitupa kisu ubaoni. Kisha akalitazama tena beseni, na hofu nyingine ikamwingia, mbaya kuliko ya kwanza.

"Umesema tumewavua. Wewe na nani?"

"Wenzangu wote. Mitumbwi yote ya upande wetu, tangu jana alfajiri."

"Mitumbwi yote, kutwa nzima, huko nje ambako hakujafungwa... beseni moja?"

Kaka naye aligeuka akalitazama beseni. Alikuwa amehangaika mno kumfurahisha dada yake hata hakujiuliza samaki wa nje nao wamekwenda wapi. Akavuta kiti, akaketi taratibu.

"Kawaambie," alisema kwa sauti ndogo, "wafunge na huko nje."

Akapangusa viganja kwenye suruali, akapangusa tena.

"Na mimi, mdogo wangu? Kwa umri huu nikaanze kazi gani?"

Dada mtu alivua glavu, akavuta kiti cha pili, akaketi kando yake.